Askari Wepesi, na Wale Waliowachukulia Mizigo



Kurasa za mbele za kijitabu hiki zimewaonyesha hesabu ya mwaka: ada zilizoingia, misaada iliyotolewa, na jamaa zetu waliosafirishwa kwao wakazikwa kwa heshima. Yafaa sasa tuitazame hesabu nyingine, ya zamani zaidi, ambayo mpaka leo haijafungwa. Ni hesabu ya askari wa miguu wenye silaha nyepesi, na ya watu waliotembea nyuma yao.

Mtu akisoma habari za vita ataona kwamba sifa nyingi wamepewa wapanda farasi, wenye deraya na chapeo, na wenye mizinga mikubwa. Askari mwepesi, yaani yule aendaye kwa miguu bila vazi la chuma, hutajwa kwa maneno machache tu. Lakini hapana jeshi lililoweza kufanya kazi bila yeye. Ndiye atanguliaye kupeleleza njia. Ndiye amsumbuaye adui kabla majeshi makubwa hayajakutana. Ndiye alindaye ubavu na nyuma ya wenzake. Na mahali pasipopitika kwa farasi wala kwa gari, penye majabali, misitu na vinamasi, ndiye peke yake awezaye kupigana.

Basi tuanze mbali, tuje mpaka kwetu.

WAGIRIKI WA KALE

Katika Ugiriki ya kale, nguvu ya vita ilikuwa kwa askari wazito. Kila mmoja alishika ngao kubwa ya mviringo na mkuki mrefu, akavaa chapeo, na mara nyingi deraya pia. Walisimama bega kwa bega, safu nyuma ya safu, wakawasukuma adui kama ukuta unaotembea. Watu wa Sparta walikuwa mabingwa wa vita vya namna hiyo, na Wagiriki wengi waliamini kwamba hawashindiki.

Askari wepesi walidharauliwa. Wengi walikuwa maskini wasioweza kununua deraya, au wageni wa kukodiwa kutoka Thrace, upande wa kaskazini. Silaha yao ilikuwa mikuki mifupi ya kurusha na ngao ndogo iliyoitwa pelte, na kwa jina la ngao hiyo waliitwa wapeltasti.

Dharau hiyo ilitikiswa mwaka 425 K.K. katika kisiwa cha Sphacteria. Askari wazito wapatao 420 wa upande wa Sparta walizingirwa huko na watu wa Athens. Waathens hawakukimbilia kupambana nao mkono kwa mkono. Waliwaachia wapiga mishale, warusha mawe na warusha mikuki, ambao waliwapiga kwa mbali na kukimbia kila walipofuatwa. Mwishowe watu 292 walitupa ngao zao wakajitoa. Ugiriki yote ilishangaa.

Mwaka 390 K.K. somo hilo lilikuja tena, nalo lilikuwa kali zaidi. Kikosi cha Sparta cha watu wapatao 600 kilikuwa kikirudi kambini Lechaeum, karibu na mji wa Korintho, bila wapanda farasi wala askari wepesi wa kukilinda. Kamanda mmoja wa Athens, jina lake Iphicrates, alikiona kutoka mjini akatoka na wapeltasti wake. Walirusha mikuki wakarudi nyuma. Wasparta waliamuru vijana wao watoke mbio kuwafukuza, lakini ni nani akimbiaye na ngao nzito akamshika mtu mwepesi? Vijana wale walipogeuka kurudi safuni wakiwa wametawanyika, mikuki iliwafuata migongoni. Walijaribu tena na tena, na kila mara walipungua. Jioni ile watu wapatao 250 walikuwa wamekufa.

Lipo jambo moja katika habari hii ambalo wasomaji wengi hulipita. Mwanzoni mwa shambulio, kamanda wa Sparta aliwaamuru wachukuzi wa ngao wawabebe majeruhi wa kwanza kuwapeleka Lechaeum. Xenophon, mwandishi wa zama zile, anaeleza kwamba katika kikosi kizima hao ndio waliookoka kwa kweli. Basi hata askari mzito wa Sparta alikuwa na mtu nyuma yake wa kumchukulia mzigo wake, na siku ya msiba mtu huyo ndiye aliyeokoa maisha. Jina la Iphicrates limehifadhiwa miaka zaidi ya 2,000. Jina la mchukuzi hata mmoja hatulijui. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

MAFUNZO YA SHORNCLIFFE

Tuziruke karne nyingi. Katika Ulaya ya karne ya 18 askari wa miguu walipigana wamesimama katika mistari iliyonyoka, wakipiga bunduki kwa amri moja. Askari hakutakiwa kufikiri, bali kutii kama mashine. Lakini vita vya misituni huko Amerika, na baadaye vita vya Wafaransa, vilionyesha kwamba watu wachache waliotawanyika nyuma ya miti na mawe waweza kuuharibu mstari mzuri kabla haujafyatua risasi.

Kwa hiyo mwaka 1803, katika kambi ya Shorncliffe kusini mwa Uingereza, Jemadari Sir John Moore alianza kuwafundisha askari kwa njia nyingine. Vikosi vilivyojulikana sana kwa mafunzo hayo ni vya 43, 52 na 95. Kikosi cha 95 kilivaa nguo za kijani badala ya nyekundu, kikapewa bunduki ya Baker, ambayo ilichukua muda zaidi kujazwa lakini ililenga vizuri zaidi kuliko bunduki za kawaida. Askari walifanya kazi wawili wawili: mmoja akipiga, mwenzake anajaza, ili wasiwe mikono mitupu wote kwa wakati mmoja. Moore alisisitiza kwamba afisa awajue watu wake, na kwamba askari afundishwe kutumia akili yake mwenyewe, si kuogopa kiboko tu. Katika vita vya Ureno na Hispania, kuanzia mwaka 1808 mpaka 1814, faida ya mafunzo hayo ilionekana wazi.

Hapo twajifunza kwamba wepesi wa askari si uchache wa vitu peke yake. Wepesi ni namna ya kupigana: kuaminiwa, kufikiri na kusaidiana. Nao askari wa Moore, ijapokuwa waliitwa wepesi, walitembea na mzigo wa zaidi ya ratili 50 migongoni. Mzigo hautoweki kwa sababu ya jina. Lazima uwe juu ya mgongo wa mtu fulani.

RUGARUGA NA KEYA

Katika nchi zetu askari wepesi hawakuletwa na wageni. Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884, alikusanya vijana walioitwa rugaruga, wenye bunduki na mikuki, waendao kwa mbio na kushambulia bila kutazamiwa. Kwa vijana hao aliweza, tangu mwaka 1871, kupigana kwa miaka kadhaa na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora na kuifunga njia ya misafara iendayo Ujiji.

Serikali ya Kiingereza nayo iliandikisha askari Waafrika. Tarehe 1 Januari 1902, majeshi yaliyokuwa mbalimbali katika Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda yaliunganishwa yakawa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Keya ilikuwa na vikosi vitatu tu, askari wapatao 2,400, wametawanyika katika nchi pana.

Wakubwa wa vita hawakuwategemea sana Waafrika hapo mwanzo. Novemba 1914 waliletwa askari wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji wa Tanga. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika walioizoea nchi. Jeshi kubwa lilishindwa likarudi merikebuni, likaacha bunduki na risasi nyingi ufukoni. Mwaka 1916 Jemadari Smuts alikuja na maelfu ya askari Wazungu kutoka Afrika ya Kusini. Waliiteka nchi kubwa, lakini homa, tumbo la kuhara na njaa viliwaangusha kuliko risasi, na ilipofika mwisho wa mwaka ule wengi walikuwa wamerudishwa kwao. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o.

Ndipo kazi ilipowaangukia askari Waafrika: Keya, pamoja na wenzao kutoka Nigeria na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Keya ilipanuliwa mpaka ikapita askari 30,000 vita vilipokwisha. Walimfuata Lettow kutoka Mahiwa, palipopiganwa vita vikali Oktoba 1917, mpaka ng'ambo ya Ruvuma katika nchi ya Wareno, na kurudi tena kaskazini. Tarehe 25 Novemba 1918 Lettow alisalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika Zambia. Vita vile vilikuwa vya askari wepesi kwa pande zote mbili: makundi madogo, njia za msituni, bunduki, bombomu chache, na miguu ya watu.

HESABU YA MZIGO

Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hebu tuupime mzigo huo, tuone kama kweli ni usufi.

Palipokosekana reli, gari na mnyama, chakula na risasi vilibebwa kichwani. Tuchukue mfano. Mpagazi abebe unga ratili 50. Yeye mwenyewe apewe posho ya ratili 2 kila siku. Askari wawe mwendo wa siku 10 kutoka ghalani. Mpagazi atakula ratili 20 akienda, na ratili 20 akirudi. Katika ratili 50, zitakazomfikia askari ni 10 tu.

Sasa kikosi kiwe na askari 500, nao wale ratili 2 kila mmoja. Kwa siku wahitaji ratili 1,000, yaani lazima wapagazi 100 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mpagazi yuko njiani siku 20, kwenda na kurudi, hapana budi wawepo wapagazi 2,000 njiani wakati wote ili askari 500 wale unga mtupu. Bado risasi, dawa, mahema na machela ya majeruhi. Bado wanaougua njiani, ambao mzigo wao lazima uongezwe kwa wengine. Na ghala ikiwa mwendo wa siku 13 mbali, mpagazi hula zaidi ya alichobeba, na kazi yote ni bure, isipokuwa maghala mengine yajengwe katikati na watu wengine waongezwe.

Kwa hesabu hii twaelewa kwa nini serikali ilihitaji watu wengi kupita kiasi. Mwanzoni waliandikishwa waliokubali. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha, na mshahara ukapunguzwa. Mwaka 1917 John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya watu kwa wingi, na kutoka nchi hii peke yake zaidi ya 100,000 walichukuliwa katika msako ule mmoja. Machifu walipewa idadi ya kutimiza, na vijana wengi walikamatwa usiku au walipokuwa mashambani. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kwa vinywa vyetu jina hilo likawa Kariakoo kule Dar es Salaam, na Kariokor hapa Nairobi. Watu wanaonunua vyondo na nyama choma katika soko la Kariokor wanalitaja jina la jeshi bila kujua.

Taabu zao zilikuwa kubwa. Watu waliozoea ndizi, maziwa au wimbi walipewa unga wa mahindi, mara nyingi usiosagwa vizuri, nao hawakuwa na sufuria wala wakati wa kuupika ukaiva. Waliotoka nchi za baridi walipelekwa penye malaria. Waliotoka nchi za joto walilala mvuani bila blanketi la kutosha. Wengi waliokufa hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na kichomi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, idadi ambayo ni mara nyingi kuliko ya askari waliouawa vitani. Kwa upande wa Wajerumani nako wapagazi walikufa kwa maelfu, na vijiji vilinyang'anywa chakula na majeshi yote mawili.

Basi kila mara tunapomsifu askari mwepesi wa vita vile, na kweli anastahili sifa, tukumbuke kwamba wepesi wake ulinunuliwa kwa uzito wa mtu mwingine.

DENI

Vita vilipokwisha, fedha nyingi za mishahara ya wapagazi waliokufa zilibaki bila kudaiwa. Jamaa zao hawakujua wadai nini, wala kwa nani. Na mara nyingi daftari lilikuwa na jina lililoandikwa vibaya, au halikuonyesha kijiji. Ainsworth, na pia Oscar Watkins aliyewaongoza wapagazi wakati wa vita, walitaka fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Ombi hilo lilikataliwa.

Makaburi nayo yalikuwa na hesabu yake. Askari Mzungu aliyekufa aliwekewa jiwe lenye jina lake. Kwa wapagazi iliamuliwa kwamba sanamu ya ukumbusho yatosha, na makaburi mengi yaliachwa yakamezwa na pori. Sanamu za Nairobi zilizinduliwa mwaka 1928, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Mpagazi amesimama pale pamoja na askari, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanawafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi. Ni heshima, wala hatuikatai. Lakini sanamu haina jina. Mjane hawezi kuitazama akasema, huyu ndiye mume wangu.

Ilipita karibu karne nzima kabla ya kosa hilo kukiriwa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda mpaka 350,000, waliokufa katika Vita Kuu, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi ni jambo jema, lakini haimjui mtu kwa jina lake.

Katika vita vya pili, Keya ilikwenda tena mbali: Habeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma, ambako mwaka 1944 askari wa Afrika ya Mashariki walishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika, wakiletewa chakula kwa ndege. Hapo tulimwona askari mwepesi akilishwa kutoka angani. Laiti ndege hizo zingalikuwapo mwaka 1917! Uhuru ulipokuja Desemba 1963, vikosi vya 3, 5 na 11 vya Keya vikawa Kenya Rifles.

NENO LA MWISHO KWA WANACHAMA

Mtu aweza kuuliza: habari hizi zina uhusiano gani na chama cha kusaidiana? Uhusiano upo, tena ni wa damu. Watu waliorudi kutoka vitani mwaka 1918 na 1919 walikuta kodi imepanda na kipande kinawangoja. Walikuwa wamelala kambi moja na watu wa makabila mengine, wakajifunza kwamba shida yao ni moja. Katika miaka michache vyama vya Waafrika vilianza kutokea. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianza chama chao Nairobi, na mwaka huo huo Young Kavirondo Association ikaanza huko Nyanza. Mwaka 1923 chama hicho cha Nyanza, chini ya uongozi wa Archdeacon Owen, kiligeuka kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Vyama vya kusaidiana kama hiki chetu vimetembea katika njia hiyo.

Nalo sharti letu la kwanza, ambalo kila mwanachama mpya husomewa, ni kwamba asiwepo mtu wetu atakayezikwa ugenini kama asiye na watu. Sharti hilo halikutungwa na mwanasheria. Wazee walilitunga kwa sababu walijua maana ya ndugu kwenda na kutorudi, na kaburi lake lisijulikane.

Kwa hiyo tunatoa ombi moja. Hapana aliye hai leo aliyebeba mzigo katika vita vile. Lakini wamo katika chama hiki wajukuu na vitukuu wao, na wazee waliosimuliwa na baba zao. Kila mwenye jina la babu aliyechukuliwa Kariakoo, akarudi au asirudi, na alete jina hilo kwa katibu, pamoja na jina la kijiji na la ukoo wake. Asidhani kwamba habari yake ni ndogo: hata jina moja bila mwaka lafaa. Majina yataandikwa katika daftari la chama, nayo yatasomwa katika mkutano mkuu, kabla ya hesabu ya fedha.

Mishahara yao hatuwezi kuilipa. Makaburi yao hatuwezi kuyaonyesha. Lakini mchukuzi wa Lechaeum alikosa mtu wa kumwandika, na wa kwetu wanao sisi.